Je, Tela Linaifaa Boti Yako? Dalili za Barabarani, Vyanzo Vyake na Namna ya Kuvitatua

Boti nyingi zinazovutwa kati ya Mwanza, Magu, Sengerema na Musoma, katika ukanda wa Ziwa Victoria, hazikai juu ya matela yaliyotengenezwa kwa ajili yake. Tela limechomelewa gereji kwa ekseli ya gari dogo lililochakaa, au lilikuwa likibeba mchanga na magunia kabla ya kuongezewa mbao mbili ili boti ilale juu yake. Matela ya namna hiyo yanaweza kufanya kazi vizuri kwa miaka mingi, lakini mengi hayana kibao kinachotaja uzito wa juu yanaoweza kubeba, hivyo mwenye boti hugundua kwamba tela halifai pale tu matatizo yanapoanza kujitokeza njiani. Cheti cha ukaguzi wa chombo kutoka TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) nacho hakimsaidii katika hili, kwa kuwa kinahusu usalama wa chombo kikiwa majini.

Maelezo haya yamepangwa kwa kufuata dalili. Kwa kila dalili nimetanguliza chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi na ukaguzi usiohitaji vifaa, kisha nikaendelea na kazi zinazohitaji jeki, spana au fundi.

Kabla ya dalili yoyote: uzito halisi

Karibu kila tatizo lililoelezwa hapa chini lina mzizi wake kwenye uzito, na uzito ambao watu huutaja ni ule wa boti tupu kama ulivyoandikwa na mtengenezaji. Barabarani boti haisafiri tupu. Tuseme boti ya faiba ina kilo 450. Ongeza injini ya kilo 110, lita 60 za petroli ambazo ni takriban kilo 45, betri ya kilo 20, nanga na kamba zake kilo 15, pamoja na nyavu, majaketi ya kujiokolea na vyombo vingine kilo 60. Mzigo umeshafika kilo 700. Tela lenyewe likiwa na kilo 250, jumla ni kilo 950. Tela lililoandikwa kilo 750 limezidiwa kwa kilo 200, na mwenye boti bado anaamini kwamba amepakia kilo 450 tu.

Mtumbwi wa mbao una hesabu ngumu zaidi, kwa sababu mbao zilizokaa majini kwa miezi hunywa maji na kuwa nzito, na maji yaliyobaki chini katikati ya mataruma (mbavu za ndani za mtumbwi) hayahesabiwi na mtu yeyote. Ndoo tano za lita 20 ni kilo 100. Fungua kizibo au kumba maji yote kabla ya kuondoka.

Njia ya uhakika ni kwenda kwenye ghala au kiwanda chenye mizani ya magari, kulifungua tela kutoka kwenye gari, na kulipima likiwa na boti, injini na mafuta kama litakavyosafiri. Kama tela halina kibao cha uzito, anza na tairi. Ubavuni mwa tairi, baada ya vipimo vya ukubwa, huandikwa namba ya uwezo wa mzigo: 82 ni kilo 475 kwa tairi moja, 91 ni kilo 615, na 100 ni kilo 800. Tela la kilo 950 lenye tairi mbili za namba 82 limefika ukingoni, halina akiba yoyote ya shimo la barabarani. Hata hivyo, hicho ni kikomo cha tairi peke yake. Ekseli, springi, rimu, kikombe kinachoshika gololi ya gari (tufe la chuma la kuvutia tela) na gari lenyewe vina vikomo vyao, na kile kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua. Uwezo wa gari kuvuta umeandikwa katika kitabu chake, na kwa tela lisilo na breki huwa ni mdogo zaidi kuliko kwa tela lenye breki.

Tela linayumba kushoto na kulia mwendo unapoongezeka

Hii ndiyo dalili ya hatari kuliko zote. Hujitokeza kwa urahisi sehemu zilizo wazi, kama juu ya Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, ambako upepo wa ziwa hupiga ubavu wa boti kwa takriban kilomita 3 bila kizuizi. Upepo, hata hivyo, mara nyingi huwa ni kichokoo tu. Chanzo kimeshapakiwa juu ya tela.

Chanzo cha kawaida ni mkono wa tela (chuma cha mbele kinachounganisha tela na gari) kuwa mwepesi mno, maana yake uzito mwingi umekaa nyuma ya ekseli. Boti zenye injini ya kupachika zina tabia hiyo kwa asili yake, kwani injini, tangi na betri vyote viko tezi (nyuma ya boti), na wavuvi wengi hurundika nyavu hapo hapo. Uzito unaokaa kwenye gololi unapaswa kuwa kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote wa tela lililopakiwa. Kwa mfano wetu wa kilo 950, ni kati ya kilo 48 na 95. Ukiweza kuuinua mkono wa tela kwa mkono mmoja bila shida, huhitaji mizani kujua kwamba kuna tatizo.

Kupima ni rahisi. Simamisha tela mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma, kisha weka mizani ya kupimia watu juu ya matofali hadi ifike kimo cha gololi, na ushushe mkono wa tela juu yake taratibu. Kama unahofia kwamba uzito utapita uwezo wa mizani, tumia ubao imara: egemeza ncha moja kwenye tofali na nyingine kwenye mizani, umbali wa sentimita 120 kati yake, kisha ushushe mkono wa tela sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Mizani itabeba robo ya uzito, hivyo zidisha namba unayoiona kwa 4, baada ya kutoa kile ambacho mizani ilisoma ubao ukiwa mtupu.

Mkono ukiwa mwepesi, anza kwa kuhamisha vitu: nyavu, nanga na madumu yasogezwe mbele ya ekseli, na injini ndogo ivuliwe na kusafirishwa ndani ya gari. Isipotosha, legeza nguzo ya winchi (nguzo ya mbele yenye kifaa cha kuvutia boti), isogeze mbele, na boti nayo ivutwe mbele. Hatua ya tatu ni kurudisha ekseli nyuma, kwenye tela ambalo ekseli yake imefungwa kwa bolti. Kuikata na kuichomelea upya ni kazi ya fundi wa vyuma anayejua kuipima ikae mraba. Ikikosea hata kidogo, tela litavuta upande mmoja na kula tairi.

Chanzo cha pili ni upepo wa tairi usiolingana au uliopungua, cha tatu ni mzigo kupita uwezo, na cha nne ni mwendo. Tela linaloyumba katika kilomita 90 kwa saa linaweza kutulia kabisa katika 70, lakini hilo halimaanishi kwamba limepona. Mwisho kabisa tazama bushi za springi zilizochakaa na ekseli iliyopinda.

Tela likianza kuyumba ukiwa njiani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na uache mwendo upungue wenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu na usijaribu kulinyoosha tela kwa kuongeza mwendo. Baada ya kusimama, usiendelee na safari mpaka mzigo umepangwa upya. Kandokando ya barabara zetu kuna watoto wa shule, baiskeli na bodaboda, na hakuna kati yao anayeweza kukwepa boti iliyojikata kutoka nyuma ya gari.

Nyuma ya gari inadidimia na usukani unakuwa mwepesi

Usiku dalili hii huonekana mapema, kwa kuwa taa za mbele humulika juu na madereva wanaokuja hulalamika kwa kuwasha zao. Hapa kosa limeenda upande wa pili: boti imesogezwa mbele kupita kiasi, au mizigo yote imerundikwa omo (mbele ya boti). Pima tena uzito wa gololi. Ukizidi asilimia 10, au ukizidi kiwango kilichotajwa kwenye kitabu cha gari, rudisha mizigo nyuma kidogo kidogo huku ukipima. Kumbuka pia kwamba abiria na vitu vilivyo kwenye buti la gari huelemea ekseli ile ile ya nyuma.

Ikiwa uzito wa gololi uko sawa na bado gari linadidimia, springi zake zimechoka au gari ni dogo kwa kazi hiyo. Wapo wanaoongeza bamba la springi ili gari linyanyuke. Mimi sikubaliani na njia hiyo inapotumiwa kuficha kwamba gari halina uwezo, kwa sababu kimo kitarudi lakini breki, rejeta na bolti zilizoshika chuma cha kuvutia zitabaki zile zile.

Kuna mlio au kishindo kwenye gololi

Simama mara moja. Chanzo kikuu ni gololi na kikombe visivyolingana. Gololi zilizozoeleka ni za milimita 50, lakini yapo magari na matela yaliyoingia nchini yakiwa na vipimo vingine, na gololi ya milimita 47.6 ndani ya kikombe cha 50 hukaa kana kwamba imeshika, kisha huchomoka kwenye tuta. Ukubwa mara nyingi umechongwa juu ya gololi na juu ya kikombe. Kama umefutika, pima kwa kalipa.

Baada ya kufunga, weka jeki chini ya mkono wa tela na uunyanyue: nyuma ya gari inyanyuke pamoja nao. Kikombe kikiachia, au kikicheza juu na chini, kinahitaji kurekebishwa nati yake ya chini au kubadilishwa. Minyororo ya usalama iwe miwili, ipishane chini ya mkono wa tela ili iudake ukianguka, na isiburute barabarani. Ukiona ufa kwenye weldi ya mkono wa tela, hata mwembamba kama unywele, tela lisisogee mpaka fundi mwenye ujuzi wa vyuma vizito alikague. Kupaka weldi juu ya ufa pembeni mwa barabara si matengenezo.

Habu ya gurudumu inachemka

Simama baada ya kilomita 15 hadi 20 za mwanzo, kisha sogeza nyuma ya mkono karibu na kila habu (kitovu cha gurudumu). Joto la wastani ni la kawaida. Habu moja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake, au joto lisilovumilika kuguswa, kuna kasoro.

Chanzo kinachoongoza kwenye matela ya boti ni maji ndani ya beringi. Habu iliyopata moto barabarani ikitumbukizwa ghafla kwenye maji ya ziwa yenye nyuzi 25 hivi, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili. Ziwa Victoria halina chumvi ya baharini, jambo linaloyapa matela yetu nafuu kubwa ya kutu, lakini tope na mchanga laini wa mwaloni (ufukweni kunakoegeshwa boti) hupita pale pale maji yanapopita, na huwa kama msasa ndani ya beringi. Ukifika mwaloni, tumia nusu saa ya kwanza kupakia vifaa na kuvaa majaketi, habu zipoe ndipo tela liingie majini.

Nyanyua gurudumu kwa jeki, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi imelegea au imekwisha. Lizungushe pia kwa mkono na usikilize: mkwaruzo humaanisha beringi imeharibika, na grisi iliyogeuka rangi ya maziwa humaanisha maji yameingia. Grisi ya namna hiyo haiongezewi nyingine juu yake. Habu ifunguliwe, beringi zioshwe na kukaguliwa, sili mpya iwekwe, na nati ikazwe kwa kipimo kisha ifungwe kwa kotapini mpya. Kama hujawahi kuifanya kazi hii, mpe fundi, kwani nati iliyokazwa kupita kiasi huunguza beringi mpya kwa safari moja. Vyanzo vingine ni uzito kuzidi na breki inayobana. Ikiwa rimu nzima ina moto na kuna harufu ya breki, ni hiyo ya mwisho.

Tairi zinapasuka au zinaliwa upande mmoja

Tairi za tela la boti mara nyingi huzeeka kabla ya kuisha, kwa kuwa tela husimama juani wiki nyingi likiwa na mzigo. Tafuta namba nne za tarehe ubavuni: 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona nyufa ndogo ubavuni, badilisha hata kama kashata bado ni ndefu. Tairi inayoliwa kingo zote mbili ina upepo mdogo au imezidiwa mzigo. Inayoliwa ukingo mmoja hutokana na ekseli iliyopinda, na huko hakuna suluhisho la kujaza upepo.

Boti inatoa ufa, inabonyea au inavuja baada ya safari

Tela linaweza kubeba uzito bila shida na bado likaiua boti, kwa sababu ya mahali linapoigusa. Chunguza kwanza tezi. Mbao za kulalia, zile zilizofunikwa zulia, zinatakiwa kufika mpaka chini kabisa ya ubao unaobeba injini. Zikiishia sentimita 30 kabla, injini inaning'inia hewani, na kila shimo la barabara linaikunja sehemu ya chini ya boti. Kwenye faiba utaona bonde dogo karibu na mwisho wa mbao au nyufa nyembamba kama utando wa buibui; majini boti hiyo huanza kuinamisha omo bila sababu inayoeleweka.

Tatizo hili na lile la mkono mwepesi huja pamoja, na yote mawili hutibiwa kwa kuivuta boti mbele, ikiwa nguzo ya winchi ina nafasi. Tezi ikishakaa vizuri na mkono ukawa mzito mno, ekseli isogezwe mbele. Lakini kama boti imeshagusa nguzo ya winchi, nguzo imeshafika mwisho wa mkono wa tela, na tezi bado inaning'inia, tela ni fupi kwa boti hiyo. Tafuta jingine. Kuongezea vipande vya mbao vinavyotokeza nje ya chesi ni kuhamisha mvunjiko kutoka kwenye boti kwenda kwenye mbao.

Mtumbwi wa mbao una mahitaji yake. Uzito wake ubebwe na mkuku (boriti ndefu ya chini ya mtumbwi) juu ya rola zilizo karibu karibu au boriti ndefu, na mbao za pembeni ziuzuie kulala tu. Ukiulaza kwa mbavu peke yake, mbao zitaachana na kalafati (nyuzi za kuzibia mianya ya mbao) itatoka, ndipo mtumbwi uliokuwa mkavu utakapoanza kuvuja siku unayourudisha ziwani. Chanzo kingine ni mikanda: waya wa winchi pekee hautoshi, na mikanda miwili ya tezi inahitajika, ila ikazwe mpaka boti isicheze, si mpaka ubavu ubonyee. Iangalie tena baada ya kilomita chache.

Tela linalisukuma gari kwenye mteremko

Anayeshuka kutoka Bugando au Isamilo, vilima vya jijini Mwanza, na tela zito lisilo na breki ataifahamu dalili hii kwenye mteremko wa kwanza. Kwanza hesabu uzito upya, kisha linganisha na uwezo wa gari wa kuvuta tela lisilo na breki. Nchi nyingi za Ulaya huweka kikomo cha kilo 750 kwa matela ya aina hiyo, na mimi naona ni kipimo kizuri cha kufuata hata pale ambapo hakuna anayekulazimisha. Tela lenye breki likisukuma gari, angalia nyaya zilizolegea, kisha pedi zilizoliwa na kutu kwenye ngoma. Breki hazijaribiwi kwa kubahatisha, fundi azifungue. Wakati wote shuka kwa gia ndogo.

Taa zinawaka ovyo

Karibu kila mara ni waya wa hasi ulioshika kutu pale unapofungwa kwenye chesi. Fungua, piga msasa, paka grisi, funga. Chomoa plagi ya tela kabla ya kuingia majini ili balbu za moto zisipasuke. Hakikisha pia kwamba namba ya usajili ya tela inasomeka na haijafunikwa na injini.

Boti haitoki kwenye tela, au haipandi tena

Mialo mingi ina mteremko mdogo wa mchanga, hivyo tela refu kwenda juu hulazimika kuingia ndani sana kabla boti haijaelea, na magurudumu ya nyuma ya gari nayo yanafika majini. Hapo tatizo ni kimo cha tela, ambalo lilichongwa kwa ajili ya magunia. Mbao za kulalia zishushwe kadiri matairi yatakavyoruhusu, au ziongezwe rola upande wa tezi. Boti inayopanda ikiwa imepinda humaanisha kwamba tela limezama mno. Livute mbele kidogo, boti itajipanga yenyewe.

Maji ya ziwa yalipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, kwa hiyo usiuamini mteremko kwa sababu tu ulitumika zamani: mtu aingie kwa miguu kwanza na mti mrefu, apime kina na ugumu wa chini mpaka pale magurudumu ya tela yatakapofika. Akikuta tope linalozamisha mti, gari lisishuke; tumia kamba ndefu kati ya gari na tela, na gari libaki kwenye ardhi ngumu huku breki ya mkono ikiwa imefungwa na mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu.